Mjukuu wangu katoka Uvira, kila moja anayoandika mwalimu anaiona saba. Niende shuleni au nitulie?

MwishoWaReli (Kigoma)

Habari zenu wana jukwaa. Mimi ni mstaafu wa reli. Nimekaa stesheni za njia hii, Usoke, Urambo, Kaliua, Uvinza, na reli ilipoishia nami nikaishia, nikajenga hapa Mwanga. Kuandika kwenye simu vidole vinanigomea, mtanivumilia.

Nina mjukuu wa miaka kumi. Nitamwita Furaha ingawa silo jina lake. Baba yake ni mwanangu wa pili, alikwenda Uvira, kule Kongo, kuuza vitenge akaoa hukohuko, mke wake Mbembe. Hali ya kule mnaisikia wenyewe, sina haja ya kueleza. Mwanangu akaona mtoto aje kwanza kwa babu, wao watafuata. Akapita naye Bujumbura, wakaingilia Manyovu, akamwacha hapa na begi moja na daftari zake zote. Nasisitiza daftari. Nguo zilikuwa chache, daftari alibeba zote.

Shule tumempeleka hii ya karibu na nyumbani. Kule alikuwa darasa la tano, hapa wamemweka la tatu kwa sababu Kiingereza hajui hata salamu. Sikubishana. Sare haikusumbua, maana kule nako wanavaa shati jeupe na nguo ya chini ya buluu, sketi yake imefaa vilevile, tukabaki kutafuta sweta.

Sasa yaliyotokea. Siku ya kwanza kaingia darasani kamsalimia mwalimu kwa adabu zote, "Jambo mwalimu". Darasa zima likaangua kicheko. Kule kwao jambo ndiyo salamu ya mtu mzima, hapa kwetu jambo anaambiwa mzungu aliyeshuka kwenye boti ya kutoka kutazama sokwe. Mtoto hakujua kakosea nini. Aliporudi akaniuliza, "Babu, kwani nimetukana?"

Siku ya pili kafika bila fagio, kasimamishwa pembeni na wasiokuja na mafagio. Hilo kosa langu, mimi ndiye sikuuliza. Siku ya tatu kaomba "mayi" ya kunywa, wenzake wakasikia mayai, tangu hapo anaitwa Mayai.

Na kuamka ni vita. Nilidhani uvivu, mpaka nikakumbuka kwamba Uvira wako nyuma yetu saa nzima. Sisi hapa tunafuata saa ya Dar es Salaam wakati jua letu ni la Bujumbura. Mtoto anaambiwa awahi namba ya asubuhi shuleni saa moja kasoro, nje bado kiza, mwilini mwake ni saa kumi na mbili kasoro.

Yote hayo nilisema atazoea. Lililonitoa usingizini ni daftari la Hisabati. Juzi kaleta matatu kwa kumi. Huyu mtoto hesabu anajua, jioni namtuma genge ananirudishia chenji sawasawa kabla mwenye genge hajamaliza kufikiri. Nikavaa miwani, nikalisoma daftari kama nilivyokuwa nasoma rejista ya treni. Nikaona. Moja yake haiko kama moja yetu. Sisi tunasimamisha mti. Yeye anaanza na mstari mrefu unaopanda kutoka chini kushoto, halafu ndio anashuka, imekuwa kama ndoana. Saba yake kaifunga mkanda tumboni. Kwake mwenyewe hazichanganyiki. Ila mwalimu wetu akiona ile moja anaona saba! 11 mara 11, mtoto kaandika 121, mwalimu kasoma 727, kapiga mkasi. Hata swali lenyewe kaonekana kanakili vibaya.

Na kugawanya ndiko balaa. 84 kwa 4, sisi tunaweka 4 kushoto, jibu juu. Yeye 4 iko kulia, kaichorea kama kona ya ukuta, na jibu 21 kaliweka chini ya ile 4. Mwalimu hakuangalia jibu, kapitisha wino mwekundu kutoka kona hadi kona.

Mtoto hasemi kitu. Hii wiki ya nne. Anakwenda, anarudi, anakula sombe yake (kwa chakula hana shida, mawese ni yaleyale), anafunua zile daftari za Uvira anazisoma upya kama gazeti.

Swali langu kwenu mliowahi kuwa wageni shule za nchi za watu. Kitu gani kilikufanya ukaona sasa nimepokelewa? Na mimi niende nikaongee na mwalimu, au nikienda nitamwongezea mtoto jina lingine? Wakati wetu mzazi akionekana shuleni ujue mtoto kafanya jambo.

---

KibiriziYetu

Mzee watoto ni kama dagaa, wakimwagwa kwenye mchanga wanarukaruka, baadaye wanatulia. Wiki nne chache sana. Muache.

---

MwishoWaReli

Kijana wangu, dagaa akitulia pale mchangani amekufa. Endelea kufikiri.

---

BintiUjiji

Shikamoo mzee wangu. Hapo kwa dagaa umeniua kwa kicheko, lakini habari yako imenirudisha mbali.

Mimi nimetembea njia hiyohiyo, ila kinyume chako. Mwaka 1984 nina miaka tisa, niko darasa la tatu Ujiji, baba akahamishia biashara Bujumbura. Tukapanga Buyenzi. Walioiona Buyenzi wanajua, unaweza kudhani umelala Ujiji ukaamkia Ujiji nyingine: Kiswahili, kofia, bao barazani, harufu ya vitumbua. Mtaani sikuona ugeni hata kidogo. Tatizo baba alitaka shule ya nje ya Buyenzi, kwamba huko ndiko nitajua Kifaransa. Na nje ya Buyenzi kuitwa Mswahili si sifa, maana yake mjanjamjanja, ukikaa naye shika mfuko.

Tulianza Septemba, mimi nikiwa nimekatiza mwaka wa kwetu njiani. Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio ulioniponza. Alitayarisha mapokezi. Kanisimamisha mbele, kaeleza mimi natoka Tanzania, darasa likapiga makofi kwa mpango, pa-pa-pa. Halafu akaniambia kwa Kiswahili cha kubahatisha, "Imba ya kwenu."

Mzee, mimi nyimbo nilizokuwa nazijua vizuri zilikuwa za mchakamchaka. Na mchakamchaka sijawahi kuuimba nimesimama! Nikaanza kuimba, miguu ikaanza yenyewe. Nakimbia papo hapo mbele ya ubao, natoa jasho, naitikia mwenyewe maana hakuna wa kuitikia. Wale watoto walicheka mpaka wengine wakalala juu ya madawati. Mwalimu naye kageuka ukutani, mabega yanatikisika. Kuanzia siku ile mpaka Krismasi niliitwa Mchaka.

Kwa hiyo kama utakwenda shuleni, ombi langu la kwanza: usikubali wampangie mapokezi. Wasimsimamishe mbele. Mgeni wa miaka kumi hataki kutazamwa, anataka asionekane mpaka atakapojua pa kuweka miguu.

Sasa aliyenipokea kweli. Dawati tulikaa watatu, mimi katikati. Kulia kwangu alikuwa msichana mrefu, mkimya, si wa kwanza darasani wala si wa mwisho. Aliyekuwa wa kwanza alikaa kushoto kwangu, na huyo alikuwa anazungushia daftari lake mkono kama mtu anayekinga mshumaa. Yule mrefu siku ya tatu au ya nne, tuko kwenye imla ya namba za Kifaransa, akalisukuma daftari lake kidogo tu kuja kwangu. Upana wa vidole viwili. Hakunitazama. Nilinakili. Kesho yake akafanya tena.

Baadaye tukawa na mtindo. Mwalimu akitaja namba, yeye chini ya dawati anaiandika kwa kidole kwenye kiganja changu. Hivyo ndivyo nilivyojua kuhesabu. Kule wanafuata Kifaransa cha Wabelgiji, sabini ni septante, tisini ni nonante, rahisi kabisa. Lakini themanini eti quatre-vingts, yaani ishirini nne! Nilimuuliza baba kwa nini, akasema Wazungu nao huchoka njiani. Mpaka leo nikisikia themanini kiganja kinanitekenya.

Mapumziko nilikuwa nakaa chini ya mti peke yangu, nikaokota kokoto nikachimba kashimo nikaanza mdako. Sikuwa na nia ya kumuonyesha mtu. Mdako unachezwa hata ukiwa na huzuni. Nikasikia vivuli vimejaa. Wasichana watano sita, wanatazama mkono wangu. Nilikuwa hodari, nisiseme uongo, kokoto narusha naokota nne narudisha tatu. Mmoja akachuchumaa, akanyoosha mkono kuomba zamu. Walikuwa na mchezo wa kufanana nao ila sheria zao tofauti, tukabishana, mimi kwa Kiswahili na Kiha kidogo cha bibi, wao kwa Kirundi, na Kiha na Kirundi si mbali. Siku iliyofuata kengele ya mapumziko ilipolia, yule mrefu alifika mlangoni, akageuka, akasema "Ngwino." Njoo. Neno moja hilo. Kwangu shule ilianza siku hiyo, sio ile ya makofi.

Kwa hiyo ukimuona mwalimu usimuombe amhurumie mtoto, muombe kiti. Akae katikati ya darasa, si nyuma, karibu na mtoto mtulivu wa kati. Watoto wa kwanza darasani waache na mishumaa yao.

Na habari ya moja yenye kofia inanihusu kabisa. Tulirudi Ujiji mwaka 1988, mimi nikiwa nimeshaharibika mkono, moja zangu zote zina kofia na saba zina mkanda. Nilikatwa alama mwaka mzima na mwalimu ambaye alinifahamu tangu nina meno ya utoto. Hakuna aliyeniambia kosa ni nini, na baba alidhani Bujumbura nilikuwa nacheza tu. Nenda, mzee wangu. Nenda na daftari.

---

TichaIsevya (Tabora)

Shikamoo mzee. Nafundisha shule ya msingi hapa Tabora mjini, na nakiri mbele ya watu kwamba hilo kosa nimelifanya. Nilipokea mtoto kutoka Burundi miaka ya nyuma, nikamkata alama za kugawanya muhula mzima. Aliyenionyesha alikuwa mwalimu mwenzangu aliyesoma huko, aliokota daftari mezani akasema, "Huyu kapata yote, wewe ndiye umekosa." Niliona aibu ambayo siwezi kuieleza. Mtoto alikuwa ameshahama.

Sio ubaya, mzee. Mwalimu ana daftari themanini mbele yake na kipindi kinaisha. Hasomi kila tarakimu, anatazama umbo la kazi. Jibu liko juu ya mstari? Vema. Haliko? Mkasi. Mtoto aliyefundishwa umbo jingine anapotea hapohapo.

Kwa hiyo jibu langu ni uende, lakini uende hivi. Usiende asubuhi mstarini, kila mtoto atakuona na Furaha atajua anasemwa. Nenda saa nne, mapumziko ya uji, walimu wanapokuwa ofisini. Pita kwa mwalimu mkuu kwanza kwa heshima, yeye akupeleke kwa mwalimu wa darasa. Beba daftari mbili, la hapa na moja la Uvira. Usiseme "umemwonea mjukuu wangu." Sema "mwalimu, naomba unisaidie kusoma mwandiko huu, miwani yangu mibovu." Mwalimu akiligundua mwenyewe atalibeba mwenyewe. Ukimwambia wewe atajitetea, sisi ndivyo tulivyo.

Muulize pia kuhusu alama ya desimali kabla haijawafikia. Huko alikotoka wanatumia mkato pale sisi tunapoweka nukta, na sisi mkato tunautumia kwenye maelfu. Shilingi 1,500 kwetu ni elfu moja na mia tano, yeye anaweza kuisoma moja na nusu. Hili usilidharau, mwakani akiingia darasa la nne kuna upimaji wa kitaifa, na msahihishaji wa huko hamjui Furaha wala babu yake.

Herufi je? Kwenye Kiingereza mwalimu akisema "ji" anataka G, na mtoto wa Kifaransa akisikia "ji" anaandika J. Atakuwa anaandika visivyo na kumbe masikio yake mazima. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Dada BintiUjiji, kwenye habari ya kusimamishwa mbele nakubaliana nawe nusu. Nusu nyingine hapana. Mimi sasa mgeni akija simwimbishi, ila baada ya wiki mbili tatu natundika ramani ya Ziwa Tanganyika, nawaambia darasa watafute mji alikotoka, naye akae palepale kwenye dawati. Wakishaona Uvira iko ziwa hilihili, juu kidogo, kwamba maji wanayooga Kibirizi yanafika huko, ugeni unapungua. Mtoto asiyewekwa mahali kwenye vichwa vya wenzake watamtungia mahali wenyewe. Hilo jina la Mayai limetoka wapi?

---

BintiUjiji

Ticha, ramani sawa. Makofi hapana. Hapo tumemalizana.

---

MtotoWaNyarugusu

Shikamoo babu. Mimi nimecheka na nimelia kidogo kwa sababu moja yangu mpaka leo ina kofia, na Uvira sijawahi kuiona. Nimezaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kasulu. Pale kambini sisi watoto wa Kongo tulisoma mtaala wa Kongo, walimu wa Kongo, Kifaransa, septante na zote hizo, na nje ya kambi watoto wa Kasulu wanasoma ya kwao. Kwa hiyo nilikuwa mgeni hata kabla sijahama.

Nikiwa na miaka kumi na tatu familia ikahamishiwa Marekani. Tumefika mwezi wa kwanza, theluji, nimevaa viatu vya wazi. Shule ya huko babu, mwalimu haji kwenu. Ninyi ndio mnamfuata. Kengele inalia, watu wote wanatoka, kila mmoja na chumba chake. Mimi sikujua. Kengele ikalia wakatoka, nikabaki nimekaa namngoja mwalimu wa pili kama Nyarugusu. Wakaingia watoto wengine, wakubwa kunizidi. Mwalimu akaanza somo lilelile. Nikasikiliza mara mbili, sikuelewa mara zote mbili.

Walinipa mwenzangu wa kunitembeza, kijana mmoja mwenye furaha sana, wiki nzima yuko pembeni yangu, hapa maktaba, hapa choo, hapa chakula, huku wanakupa namba ya kuchukulia chakula na maziwa ya baridi kwenye boksi. Nikaandika kwa kaka yangu aliyebaki kambini kwamba nimeshapata rafiki. Jumatatu ya pili akanipita mlangoni kama hanijui. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ilikuwa kazi, kapewa wiki moja na wiki imeisha. Hakuwa mbaya. Lakini hata leo sijui kama ilikuwa afadhali asingekuwepo.

Aliyenishika mkono alikuwa mzee msafishaji, Mrundi. Alinisikia nahesabu ngazi kwa sauti ndogo, akaweka ufagio chini, akasema "Amahoro." Nikajibu kwa Kiswahili kwa sababu Kirundi changu ni cha sokoni. Mwezi mzima nilikula chakula karibu na ndoo yake. Ananiuliza leo umejifunza neno gani, namwambia, analirudia vibaya kuliko mimi. Nadhani alikuwa analikosea makusudi.

Babu, naomba kitu kimoja. Nyumbani usimrekebishe Kiswahili chake. Akisema "batoto" mwache aseme batoto. Akisema anaenda "ku masomo" mwache aende ku masomo. Shuleni watamnyoosha tu, hilo halina mjadala. Abaki na nyumba moja ambayo mdomo hauna mtihani. Mama yangu alianza kutulazimisha Kiingereza mezani ili tuzoee haraka, tukawa tunakula kimya.

---

KibiriziYetu

Mzee nafuta neno langu la dagaa. Mdogo wangu pia alihamia shule ya Kalemie, ng'ambo ya ziwa, akarudi baada ya miezi miwili, hatukuwahi kumuuliza ilikuwaje. Leo nimempigia simu kumuuliza. Kaongea saa nzima.

---

MwishoWaReli

Marahaba wote. Nimechelewa kurudi kwa sababu umeme, na kwa sababu nilitaka nije na jibu.

Nilikwenda Jumatano saa nne kama Ticha alivyoelekeza, daftari mbili ndani ya mfuko wa rambo. Mwalimu wa darasa ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu wa mwisho. Nikamwambia habari ya miwani. Ticha, ule uongo wako umenitesa, maana binti kaniazima miwani yake! Nikabidi niivae. Sikuona chochote, nikashika daftari nasema "hii hapa mwalimu ni ngapi, hii?" Akasema saba. Nikafungua la Uvira, ukurasa ambao mwalimu wa kule kaweka alama, nikauliza, "Na hapa je, huyu mwalimu kaisahihisha kama ngapi?" Akatazama. Akalichukua la kwetu akaliweka sambamba. Akanyamaza kwa muda ambao treni ya mizigo ingeweza kupita.

Halafu akachukua penseli, si kalamu nyekundu, akarudia kusahihisha yote kumi palepale nikiwa nimesimama na miwani ya watu usoni. Akapata tisa. La kumi mtoto alikosa kweli, alisahau kubeba. Nilifurahi kwa hilo la kumi kuliko yale tisa, kwa sababu nilijua sasa anasomwa.

Kuhusu kiti nilieleza maneno ya BintiUjiji kama yalivyo, mtulivu wa kati, asiwe wa mshumaa. Alicheka, akasema wa mshumaa anamjua. Furaha alikuwa nyuma kabisa karibu na dirisha bovu. Sasa yuko dawati la tatu na mtoto wa mama mmoja anayeuza migebuka. Habari ya ramani nikaitaja, akasema ramani ya ukutani waliyonayo ziwa limechanika, ila ataangalia. Makofi sikuyataja kabisa.

Sitawadanganya kwamba mambo yamenyooka. Jina la Mayai bado lipo. Kuamka bado vita. Hiyo namba ya asubuhi nimeshindana nayo kwa kumlaza saa mbili, analala saa tatu na nusu, akili yake bado iko Uvira. Darasa la tatu nalo ni lilelile, mwalimu mkuu kasema tuzungumze tena muhula ukiisha.

Ila Ijumaa alirudi na mtu. Yule wa migebuka. Hawakuingia ndani, walikaa kwenye ngazi, daftari la Uvira katikati, mmoja anasema septante mwingine anacheka, halafu wakageuza, huyu anafundisha yule "shikamoo". Maana hilo nalo lilikuwa halijakaa. Limemkaa sasa mpaka limezidi. Anamwamkia kila mtu. Jana kamwamkia mdogo wake wa hapa kwangu, wa miaka sita, na yule mshenzi akaitikia "marahaba" kwa sauti nzito kama mjumbe wa nyumba kumi. Sijamrekebisha, MtotoWaNyarugusu, nimekusikia.

Kijana wa Kibirizi, na wewe nimekusikia.

Mwenye kujua duka hapa mjini lenye sweta za kijani saizi ya mtoto wa miaka kumi mwembamba anitajie. Sokoni Mwanga zilizobaki ni za watu wazima, na asubuhi zile za kiza zina baridi.